Kuisoma Njia ya Changarawe: Somo kwa Waendesha Baiskeli wa Nakwa na Milima ya Babati

Mji wa Babati umekaa baina ya milima na maji. Mashariki yake umesimama Mlima Kwaraa, wenye kimo cha mita zipatazo 2,400, ukiwa umefunikwa na Msitu wa Hifadhi wa Ufiome. Kusini limelala Ziwa Babati. Magharibi, ukuta wa Bonde la Ufa huinuka juu ya Dareda, na siku isiyo na mawingu kilele cha Hanang, chenye zaidi ya mita 3,400, huonekana kwa mbali. Barabara kuu za lami zinazokutana hapa ni ile itokayo Arusha kwenda Dodoma kupitia Kondoa, na ile iendayo Singida kupitia Katesh. Nje ya hizo na baadhi ya mitaa ya mjini, karibu kila safari ya mkazi wa Nakwa na vitongoji vya jirani hupita juu ya changarawe au udongo mtupu.

Katika njia hizo baiskeli ndiyo hubeba maziwa ya asubuhi, gunia la mahindi la kwenda mashineni, madumu ya maji, mwanafunzi na wakati mwingine mgonjwa. Hata hivyo, ujuzi wa kuiendesha katika nchi ya milima haufundishwi popote. Kijana hujifunza kwa kuanguka, na wapo wanaoanguka mara moja tu. Makala haya yanaeleza namna ya kuisoma njia ya changarawe kabla ya kuikanyaga, namna ya kupanda na kushuka kwa usalama, na wajibu wa kila mkazi katika kuzilinda njia hizo. Msingi wa somo lote ni mmoja: katika nchi ya milima, anayeamua hali ya njia ni maji. Atakayejua maji yalipopita na yatakapopita, atajua pia wapi pa kupita yeye.

Baiskeli iliyopo yatosha kuanzia

Katika miaka ya karibuni uendeshaji wa baiskeli katika barabara za changarawe umekuwa mchezo mkubwa duniani. Mashindano yanayojulikana sana kwa sasa kwa jina la Unbound yalianza mwaka 2006 huko Emporia, jimbo la Kansas, Marekani, na washindani wa mbio zake kuu hukimbia kilomita zipatazo 320 kwa siku moja. Mwaka 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yalifanyika kwa mara ya kwanza katika nyanda za Maasai Mara nchini Kenya, yakiwakutanisha waendeshaji wa Afrika Mashariki na wageni kutoka mabara mengine. Mwaka 2022 mashindano ya kwanza ya dunia ya changarawe yalifanyika Italia. Yapo mataifa ambayo watu wake husafiri mbali na kulipa fedha nyingi ili kupata kile ambacho Babati inacho kila upande: barabara isiyo na lami, mlima, na mandhari pana.

Baiskeli zinazotumika katika michezo hiyo huwa na tairi zenye upana wa milimita 40 hivi, kwa kuwa tairi pana huelea juu ya kokoto badala ya kuzama. Baiskeli kubwa ya kawaida inayojulikana na kila fundi wa Babati, yenye tairi za inchi 28 kwa 1½, ina tairi za upana huohuo. Tofauti iko kwingine. Baiskeli ya mchezo ina uzito wa kilo 10 hivi, ina gia nyingi, na breki zake ni za kisasa. Ile ya kawaida hufikia kilo 20, aghalabu haina gia, na breki zake za vyuma hubana ringi kwa vipande vya mpira. Ringi hiyo ya chuma ikilowa, breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo mwenye baiskeli ya kawaida hana haja ya kujidharau, bali anapaswa kujua udhaifu wake uko wapi: katika kushuka, hususan wakati wa mvua.

Kabla ya safari yakaguliwe mambo matano. Mpira wa breki uwe na unene wa kutosha na uguse ringi, si tairi. Cheni iwe na mafuta na isilegee. Spoku zote ziwe zimekazwa. Keria isicheze. Upepo wa tairi ulingane na mzigo: mwenye mzigo ajaze hadi tairi iwe ngumu, na asiye na mzigo apunguze kidogo, kiasi cha kidole gumba kuweza kuibonyeza, ili tairi ishike njia badala ya kurukaruka.

Maji huandika, mwendeshaji husoma

Barabara ya changarawe iliyojengwa vizuri ina mgongo katikati, na kutoka hapo huteremka kuelekea kingo mbili kwa asilimia 4 hadi 6. Maana yake ni kwamba, ukipima mita 3 kutoka katikati hadi ukingoni, ukingo unapaswa kuwa chini kwa sentimita 12 hadi 18. Mteremko huo mdogo huyatoa maji ya mvua juu ya barabara na kuyapeleka mtaroni, na mtaro huyapeleka kwenye kalavati au kwenye mfereji wa kuyatoa kando.

Mgongo ukisha kuchakaa, maji hayatoki tena kwenda kando, bali hufuata urefu wa barabara. Penye mwinuko yanapata kasi, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo uwezo wake wa kubeba mchanga na mawe unavyokua. Mfereji wenye kina cha kidole mwezi Machi waweza kuwa korongo la kufika magotini mwezi Mei.

Mwendeshaji mwenye macho huona alama zifuatazo kabla ya kuzifikia:

1. Kokoto zilizolala huru, zikiwa na rangi angavu kuliko njia. Maji yamekwisha kuondoa udongo uliozishika. Tairi la mbele huteleza hapo likigeuzwa kwa ghafla.

2. Mchanga laini chini ya mteremko. Hapo ndipo maji yalipotua mzigo wake. Mchanga hulishika gurudumu la mbele, na aliyekuja kwa kasi hurushwa juu ya usukani.

3. Mistari mirefu iliyochimbika sambamba na safari. Gurudumu likiingia humo haligeuki tena. Mistari hiyo huvukwa kwa kuikata upande kwa upande, wala haifuatwi.

4. Matuta madogo yaliyopangana kama mikunjo ya bati. Haya hutengenezwa na magurudumu ya magari katika changarawe kavu. Mara nyingi ukingo wa njia huwa na nafuu kuliko katikati.

5. Udongo mweusi wa mfinyanzi katika mabonde na mbuga. Wakati wa kiangazi hupasuka. Mvua ikinyesha hunata kwenye magurudumu hadi yasizunguke. Anayeukuta umelowa hana budi kuzunguka au kurudi.

Jicho la mwendeshaji litazame mbele mita 10 hadi 15, wala si chini ya gurudumu. Jiwe lililo chini ya gurudumu limekwisha kufikiwa. La kuamuliwa ni lile linalokuja.

Kuupima mwinuko kwa fito na chupa

Watu wengi husema mlima fulani ni mkali, lakini ukali wa mlima unaweza kupimwa bila chombo cha gharama. Itafutwe fito iliyonyooka yenye urefu wa mita 1, chupa ya plastiki inayoonyesha ndani iliyojazwa maji nusu, na rula ya shule. Fito ilazwe barabarani kufuata mteremko, mwisho wake wa juu ukigusa ardhi. Chupa ilazwe juu ya fito. Kisha mwisho wa chini wa fito uinuliwe polepole hadi uso wa maji ulingane na ubavu wa chupa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ipimwe nafasi iliyobaki kati ya mwisho huo na ardhi. Nafasi ikiwa sentimita 8, mwinuko ni asilimia 8: kila mita 100 za safari huinuka mita 8.

Kwa vipimo hivyo njia zaweza kugawanywa katika madaraja matatu. Mwinuko usiozidi asilimia 4 ni mwepesi, na mtu mwenye mzigo wa wastani huupanda akiwa juu ya tandiko. Asilimia 4 hadi 8 ni wa kati, nao humtaka mwendeshaji apumzike njiani. Unaozidi asilimia 8 ni mgumu, na kwa baiskeli isiyo na gia ni mahali pa kutembea. Walimu na wanafunzi wanaweza kulifanya zoezi hili katika njia za kwenda shuleni, wakaandika matokeo kwenye ramani ya mtaa. Kazi ya siku moja itawafaa wengi kwa miaka.

Hesabu ya kupanda

Chukuliwe mfano wa mtu mwenye kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na dumu la maziwa la lita 20. Jumla ni kilo 100. Mtu wa kawaida anaweza kutoa nguvu ya wati 100 hivi kwa muda mrefu bila kuchoka kupita kiasi. Kwa nguvu hiyo, kuinua kilo 100 hadi kimo cha mita 100 huchukua dakika 16, hata kabla ya kuhesabu ukinzani wa kokoto. Mlima wa mita 300 basi hautapandwa kwa chini ya dakika 50. Anayepanga safari na ahesabu kimo, si umbali pekee.

Katika mwinuko wa asilimia 8, mtu huyo atakwenda kwa kasi isiyofika kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtembea kwa miguu. Katika kasi hiyo baiskeli huyumba na mzigo huvuta upande. Kwa hiyo anayeshuka na kuisukuma hapotezi muda wowote, bali huokoa magoti yake na maziwa yake. Hakuna aibu katika kutembea. Mwenye haraka ya kweli hujua mahali pa kutembea.

Hesabu ya kushuka

Nguvu ile iliyotumika kupanda haipotei. Wakati wa kushuka ni lazima iende mahali, na mahali pekee ni breki. Kilo 100 zikishuka mita 100 kwa mwendo uliozuiwa, breki hupokea joto la kutosha kuchemsha zaidi ya robo lita ya maji. Joto lote hilo huingia katika vipande vidogo vya mpira na ringi mbili. Ndiyo sababu mpira wa breki hunuka katika mteremko mrefu, hulainika, na hatimaye huacha kushika.

Jambo la pili ni kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Anayeweza kusimama ndani ya mita 3 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, atahitaji mita 12 akiwa na kilomita 30, na katika kokoto za mteremko atahitaji zaidi ya hapo. Mita 12 ndio umbali ambao ndama au mtoto huutumia kutokea kichakani.

Kwa hiyo kanuni za kushuka ni hizi. Kasi ipunguzwe kabla ya kona, si ndani ya kona. Breki zote mbili zitumike pamoja, kwa kubana na kuachia, ili ringi zipate kupoa. Mwili urudishwe nyuma ya tandiko kidogo, mikono ilegee, pedali ziwe sawasawa. Ringi zikiwa zimelowa, zikaushwe kwa kubana breki taratibu kabla mteremko haujaanza. Katika mteremko mrefu mwendeshaji asimame kila baada ya muda na kuzigusa ringi kwa tahadhari. Zikiwa za moto, apumzike. Mwenye mzigo mzito au abiria katika mteremko wa asilimia 8 na zaidi ashuke chini na kutembea. Kofia ngumu ivaliwe, kwani kichwa hakina kiraka.

Njia na tabia zake

Njia za kando ya Ziwa Babati ni nyepesi kwa mwinuko, lakini zina mambo mawili ya kuangaliwa. Ardhi ya karibu na maji hulowa mapema na kukauka kwa kuchelewa. Aidha, ziwa hili lina viboko, nao hutoka majini jioni na kula nyasi usiku kucha. Hivyo njia za ufukweni ziachwe kabla jua halijatua, na asubuhi zisitumiwe mpaka kupambazuke kabisa. Mtu asijiweke kamwe kati ya kiboko na maji.

Njia zinazozunguka miguu ya Kwaraa na kuelekea Galappo, upande wa pili wa mlima, hukata vijito vingi. Kila kijito ni mahali pa kupunguza mwendo. Kuingia ndani ya msitu wa hifadhi kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na humo kuna wanyamapori.

Njia za vilima vya Duru-Haitemba, kupitia vijiji kama Riroda, Duru, Gidas na Endagwe, zina historia ya kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijiji vinane vilikabidhiwa usimamizi wa msitu wa miombo wenye hekta zipatazo 9,000, vikaweka sheria ndogo na walinzi wake vyenyewe. Mfano huo ulisomwa kote nchini na nje. Mwendeshaji anayepita huko hupita juu ya ardhi inayolindwa na wananchi, na anapaswa kuzifuata taratibu za vijiji hivyo. Msitu unaosimama juu ya barabara huyapunguza maji kasi kabla hayajaifikia. Hapo ndipo ulinzi wa misitu na uzima wa njia hukutana.

Njia ya kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Dareda kuelekea Bashanet na Dongobesh ndiyo ngumu kuliko zote zilizotajwa. Hiyo si ya anayeanza. Anayeikusudia aulize kwanza hali yake kwa sasa, aende na mwenzake, na aanze kushuka mchana wenye mwanga.

Katika njia zote, kengele ipigwe mapema penye mifugo, na mwendeshaji ashuke kundi likiwa kubwa. Salamu kwa mchungaji hufungua njia upesi kuliko kelele.

Mvua haina rafiki

Majira ya vuli na masika hubadilisha daraja la njia. Njia nyepesi ya Septemba yaweza kuwa isiyopitika mwezi Aprili. Mkoa wa Manyara hautasahau tarehe 3 Desemba 2023, ambapo mvua kubwa ilishusha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Tope lile lilifuata njia za maji. Fundisho kwa mwendeshaji ni bayana: mvua ikinyesha mlimani, hata kama pale alipo kuna jua, asivuke korongo lenye maji yanayokimbia, asingoje chini ya ukingo wake, wala asiifuate njia iliyo ndani ya mkondo. Penye dharura, namba ya polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Wajibu wa mkazi

Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS. Barabara za vijijini na mijini zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Hata hivyo, wakala hawezi kuwa kila mahali mvua inaponyesha. Mwendeshaji wa baiskeli huiona njia kwa karibu kuliko dereva wa gari, na huwa wa kwanza kuona mgongo wa barabara ukianza kuvunjika. Taarifa yake ina thamani ikitolewa mapema na ikiwa kamili: jina la barabara, alama ya jirani kama shule au mti mkubwa, kina na upana wa mfereji vikipimwa kwa fito, tarehe, na picha ikiwezekana. Taarifa ipelekwe kwa Mwenyekiti wa Mtaa au Kijiji, naye aifikishe kwa Mtendaji wa Kata ili ipelekwe panapohusika.

Yapo pia yasiyohitaji kungoja. Mtaro uliojaa mchanga waweza kuzibuliwa kwa msaragambo wa asubuhi moja. Anayejenga kivuko cha kuingia nyumbani kwake aweke bomba chini yake. Kifusi kitupu huziba mtaro, na maji yaliyofungiwa hapo huichimba barabara mbele ya jirani. Anayelima aache nafasi kati ya shamba na mtaro. Na anayejaza shimo asitupe udongo mlegevu utakaoondoka na mvua ya kwanza, bali aweke mawe, ashindilie, kisha afungulie maji njia yake. Vinginevyo shimo litarudi mahali palepale.

Maswali ya kujadiliwa katika mikutano ya mitaa

Ni mteremko gani ambao waendesha baiskeli huanguka mara nyingi, na mwinuko wake ni asilimia ngapi? Maji ya barabara hiyo hutoka wapi, na yamezuiwa wapi? Ni kalavati zipi zinazopaswa kuzibuliwa kabla ya mvua zijazo? Ni watoto wangapi wanaopita hapo kwenda shule kwa baiskeli zisizo na breki? Nani atapima, nani ataandika, na taarifa itafika kwa Mtendaji lini?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Katika njia za changarawe, ufa wa kuzibwa ni ule mfereji mwembamba unaoonekana leo katikati ya barabara, na wakati wa kuuziba ni kabla mvua haijarudi.